Kompyuta ya nyumbani imezeeka na imekuwa nzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na mwambao wa ziwa

Maelezo haya ni ya wenye kompyuta za miaka sita mpaka kumi na mitano hivi: ya mezani ya mtumba iliyokaa sebuleni Nyakato, laptopu ya chuo ambayo sasa wanaitumia watoto Buhongwa, au ile ya duka la steshenari Sengerema inayochapa barua tangu asubuhi. Nyingi kati ya hizi bado zina uhai wa miaka kadhaa. Tatizo ni kwamba watu hutoa hela kabla ya kujua ni kiungo gani kinachovuta mashine nyuma. Hatua zilizotajwa ni za Windows 10 na 11, isipokuwa pale ilipoelezwa vingine.

Kompyuta inachukua dakika tano mpaka saba kuwaka, kisha kila kitu kinaganda. Nianzie wapi?

Anza kwa kupima. Washa, kisha iache dakika kumi bila kuigusa, maana Windows ikishawaka huendelea kukagua virusi na kutafuta masasisho, na ukipima wakati huo utadanganyika. Dakika kumi zikiisha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka "Task Manager". Ikija kidirisha kidogo, bonyeza "More details". Fungua kivinjari na faili moja la Word kama unavyofanya siku zote, kisha tazama safu tatu: CPU (prosesa, ubongo wa kompyuta), Memory (RAM, kumbukumbu ya kazi) na Disk (diski ya kuhifadhia).

Disk ikisimama kwenye 100% huku CPU ikiwa chini ya 30%, mzigo uko kwenye diski. Hili ndilo jibu la mashine nyingi za umri huu. Memory ikipita 85% kwa kazi hizo ndogo tu, RAM haitoshi. CPU ikiwa juu muda wote, bonyeza neno CPU ili programu zijipange kwa ukubwa wa matumizi, na utamwona mwenye kosa hapo juu. Na kama vyote vitatu viko chini lakini kompyuta bado inajikokota, nenda "Performance", chagua CPU, soma kasi kwa GHz. Prosesa ya 2.4 GHz inayobaki kwenye 0.4 hadi 0.8 hata unapofungua programu imezuiwa na joto au na chaja. Yote mawili yameelezwa mbele.

Kwa nini diski ya zamani inachosha kompyuta kiasi hicho? Mbona nikinakili filamu inakwenda vizuri tu?

Kwa sababu kunakili filamu ni kazi rahisi kwake. Ndani ya diski hiyo kuna sahani inayozunguka na mkono unaosoma. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Data ikiwa imepangwa mfululizo, mkono unatulia mahali pamoja na sahani inapita chini yake. Utapata megabaiti 80 hadi 100 kwa sekunde. Lakini Windows inapowaka haisomi faili moja kubwa. Inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Kwa kila kipande mkono lazima uhame, kisha usubiri sahani ifike pale. Hiyo ni wastani wa milisekunde 15 hivi, kwa hiyo vipande 60 au 70 tu kwa sekunde.

SSD, yaani diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu, haina sahani wala mkono, na kila kipande kinapatikana kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Ndiyo maana kubadili diski kunarudisha uhai wa laptopu ya mwaka 2013 kuliko jambo jingine lolote. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tano huanza kuwaka chini ya dakika moja, hata kama prosesa ni ileile. Kama una hela ya kifaa kimoja tu, na kipimo cha mwanzo kimeonyesha Disk 100%, nunua SSD.

Ninunue SSD ya aina gani na ukubwa gani?

Kwa karibu kompyuta zote zilizotoka kabla ya 2015, chagua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Inaingia palepale pa diski ya zamani, kwa soketi ileile na skrubu zilezile. Unene wake ni milimita 7. Kama nafasi ilikuwa ya diski ya milimita 9.5 na SSD inacheza, weka fremu ya plastiki inayouzwa nayo. Ya mezani itahitaji bano la kuipachika au, kwa dharura, mkanda wa gundi pande mbili. Haitikisiki wala haitetemi, kwa hiyo haina madhara.

GB 240 au 256 zinatosha nyumba nyingi. GB 120 zitajaa ndani ya mwaka mmoja wa masasisho na video za WhatsApp.

Kama laptopu yako ina nafasi ya M.2, kuwa makini. M.2 ni umbo tu la SSD. Ndani ya umbo hilo kuna SATA na kuna NVMe, njia mbili tofauti za kuunganisha, na nafasi inayokubali moja inaweza kukataa nyingine. Tafuta namba kamili ya modeli chini ya laptopu, soma kinachokubaliwa, ndipo ununue.

Jihadhari na SSD bandia. Ukikuta TB 2 inauzwa karibu na bei ya GB 256, hiyo ni GB chache zilizoandikiwa uongo. Itaonyesha TB 2 kwenye skrini, itapokea faili zako, kisha itaanza kuandika juu ya zile za mwanzo. Programu ya bure inayoitwa H2testw hujaza diski yote na kuisoma upya. Iendeshe kabla ya kuweka chochote cha maana, na kubaliana na muuzaji mapema kwamba ikifeli utairudisha.

Nihamishe kila kitu kilivyo, au nipige Windows upya?

Piga upya, isipokuwa una programu ambayo huwezi kuipata tena, kwa mfano ya hesabu za duka. Kuhamisha kunabeba pia uchafu wa miaka kumi. Zaidi ya hapo, diski ya GB 500 haiingii moja kwa moja kwenye SSD ya GB 240: itabidi upunguze kwanza ukubwa wa sehemu zake kwa "Disk Management", kisha kwenye Clonezilla (programu ya kunakili diski nzima) uingie hali ya wataalamu na kuwasha chaguo la -icds ili isikatae kwa sababu ya ukubwa. Mtu mzoefu anaweza. Anayefanya mara ya kwanza akikosea kuchagua diski ipi ni chanzo na ipi ni lengo, anafuta kila kitu.

Njia ya kupiga upya ni hii. Nakili kwanza Documents, Pictures, Desktop na Downloads kwenye diski ya nje, na usiishie hapo: fungua faili tano au sita kutoka kwenye hiyo nakala uhakikishe zinafunguka. Kivinjari kihusishe na akaunti yako ili nywila na alamisho zirudi. Kisha andaa flashi ya GB 8 kwa zana ya Microsoft ya kutengeneza flashi ya kusakinishia, au kwa Rufus, programu nyingine ya kazi hiyo. Faili la Windows ni zaidi ya GB 4, hivyo lipakue mahali penye intaneti isiyohesabiwa kwa bando.

Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Badilisha diski. Washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc kisha F9 kwa HP, Esc kwa laptopu za Asus. Chagua flashi, fuata maelekezo, na ukifika pa kuchagua mahali pa kusakinisha, bonyeza nafasi tupu ya SSD na uendelee. Windows itagawa yenyewe.

Leseni isikusumbue. Kompyuta nyingi zilizotoka na Windows 8 au ya baadaye zina ufunguo ndani ya mazabodi (bodi kuu), na kubadili diski hakuugusi. Ukiulizwa namba ya leseni, bonyeza pa kusema huna, chagua toleo lilelile la awali (Home au Pro), na kama Windows hiyo ilikuwa tayari imethibitishwa kwenye mashine hii, itajitambua ikipata intaneti.

Diski ya zamani usiitupe. Nunua kava lake la USB, na umepata hifadhi ya nje.

Nitajuaje kama diski inakufa, si uzee tu?

Sakinisha CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, na tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. C5 ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu za sahani ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Hapo acha kila kitu na nakili data, ukianza na isiyopatikana tena: picha za familia, vyeti, kumbukumbu za mkopo. Usiendeshe chkdsk /r (amri ya kurekebisha diski) wala kupanga diski upya (defrag) kabla ya kunakili. Kazi hizo zinasugua diski mgonjwa kwa saa nyingi na mara nyingi ndizo zinazoimaliza. Ukisikia mlio wa kugonga, tik-tik-tik unaojirudia, zima mara moja.

RAM je? Nimeambiwa nikiongeza itapaa.

Itapaa kama ilikuwa haitoshi. Kutoka GB 4 hadi 8 utaona tofauti kubwa. Kutoka 8 hadi 16, kwa kazi za nyumbani, ni vigumu kuiona. Angalia "Performance" kisha "Memory": hapo pameandikwa nafasi ngapi zimetumika, kwa mfano 1 of 2.

Hitilafu kubwa hutokea kwenye aina. DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya RAM, haziingiliani, pengo la katikati liko mahali tofauti, usilazimishe. Ndani ya DDR3 kuna ya volti 1.5 na kuna DDR3L ya volti 1.35. DDR3L hufanya kazi karibu popote. Lakini laptopu za Intel kizazi cha nne na kuendelea zinazotumia DDR3 zinahitaji DDR3L, na ukiweka ya kawaida zinaweza kukataa kuwaka kabisa. Kwa hiyo ukiwa na shaka, chukua yenye herufi L. Vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa inasoma vyote kwa wakati mmoja.

Kama Windows yako ni ya biti 32, hata uweke GB 8 itatumia tatu na kitu tu. Piga ya biti 64.

Inaanza vizuri, baada ya dakika ishirini inakuwa nzito na feni inalia. Hapa kwetu Kirumba wadudu wa ziwani ni wengi. Vinahusiana?

Vinahusiana moja kwa moja, na huku mwambao jambo hili lina uzito kuliko maelezo mengi ya kompyuta yanavyolichukulia. Prosesa ikifika karibu nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wewe unaona kompyuta nzito, yenyewe inajiokoa.

Wadudu wale wadogo hutoka ziwani kwa mawingu, hasa siku zinazofuata mwezi kuandama, na hufuata mwanga. Usiku, skrini ndiyo taa. Feni inawavuta ndani, wanakufa kwenye mapezi ya shaba au alumini yanayotoa joto, miili yao laini inanata, na vumbi linakuja kushika juu yake. Baada ya miezi michache panakuwa na kitu kama kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi. Kupuliza kwa nje hakukitoi. Kinasukumwa ndani na kurudi. Lazima feni ifunguliwe.

Pima kwanza joto kwa programu ya Core Temp au HWMonitor. Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 55 ni kawaida kwa hali ya hewa yetu. Ikifanya kazi, hadi 85 bado ni salama. Ikigusa 95 kwa kufungua video tu, fungua usafishe.

Fanyia kazi nje, mchana. Toa umeme wote kama ilivyoelezwa juu. Panga skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio ulivyozitoa, maana laptopu huwa na za urefu tofauti, na ndefu ikiingia pa fupi inatoboa kava au kugusa mazabodi. Fungua feni, toa lile blanketi kwa kibano, kisha piga brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Ukipuliza kwa blowa ya mkono, zuia feni isizunguke kwa kijiti, kwani feni inayozungushwa kwa upepo hugeuka jenereta ndogo na mhimili wake huharibika. Usipeleke kwa mziba pancha: upepo wa kompresa ile una maji na mafuta.

Ukishafika hapo, badilisha pia krimu ya joto juu ya prosesa kama haijawahi kubadilishwa. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, kisha kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochorwa, kidogokidogo na kwa mshazari. Krimu nyingi haisaidii, inamwagika pembeni tu.

Kwa Capri Point, Igombe, Ukerewe na kwingine karibu na maji, safisha kila miezi minne hadi sita. Usiku wa wadudu funga dirisha, punguza mwanga wa skrini, na washa taa nyingine mbali na meza. Kitambaa cha kufunikia kiwekwe kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa. Na laptopu isikae juu ya godoro. Matundu ya hewa yako chini.

Nilibadilisha chaja, tangu siku hiyo ni nzito. Inawezekana?

Ndiyo. Baadhi ya laptopu huiuliza chaja ni ya wati ngapi, na zisipopata jibu hushusha prosesa hadi kiwango cha chini kabisa na kugoma kuchaji betri. Jaribu hivi: chomoa chaja, tumia betri peke yake. Ikichangamka, chaja ndiyo mkosaji. Tafuta yenye volti ileile na wati zisizopungua zilizoandikwa chini ya laptopu.

Umeme ukikatika mara kwa mara unaweza kuifanya iwe nzito?

Unaweza kuharibu faili za Windows, na diski ya kuzunguka ikizimika ghafla ikiandika huumia. Kwa kompyuta ya mezani, UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya VA 650 inatosha kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Usiunganishe printa ya leza humo, itaiangusha. UPS inayozima papo hapo umeme ukienda, kwa kawaida betri yake imekufa. Nyingi za ukubwa huo hutumia betri ya volti 12 yenye Ah 7, nayo hununuliwa peke yake.

Faili zikishaharibika, fungua "Command Prompt" kama msimamizi, andika sfc /scannow na subiri imalize.

Naweza kufanya nini leo bila kununua kitu?

Bonyeza "Restart", si "Shut down". Windows ya sasa ikizimwa huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka, kwa hiyo matatizo ya wiki nzima yanaamka nayo. "Restart" ndiyo inayoanza upya.

Ndani ya "Task Manager" nenda "Startup" uzime programu za simu za video, muziki na za kujisasisha zinazowaka zenyewe. Za sauti na za padi ya kugusa ziache. Acha angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi. Kwenye kivinjari, futa viendelezi usivyovikumbuka na uzuie tovuti zisitume arifa.

Kama unatumia bando la simu, ingia mipangilio ya mtandao huo uwashe "Metered connection". Windows itaacha kupakua masasisho makubwa, na kompyuta itapumua pamoja na bando lako. Ila mara moja kwa mwezi ipeleke penye Wi-Fi isasishwe.

Flashi ikitoka steshenari, folda zote zimegeuka njia za mkato. Je, ndiyo inayoganda kompyuta?

Ni kirusi, na kweli kinakula CPU. Usibonyeze hizo njia za mkato. Endesha ukaguzi kamili wa Windows Defender kwenye kompyuta na flashi. Kisha, kama flashi ni E, andika kwenye "Command Prompt":

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zilikuwa zimefichwa tu, zitaonekana. Nakili, kisha fomati flashi. Usiongeze kinga-virusi ya pili: mbili zikikaguana, kila faili linasomwa mara mbili. Na zile programu za kuvunja leseni ndizo mlango mkubwa wa virusi vya namna hii.

Programu za kusafisha rejista na kuongeza kasi zinasaidia?

Hapana. Wala kubadilisha idadi ya prosesa kwenye msconfig, Windows tayari inazitumia zote. Wala kupanga upya (defrag) SSD.

Windows 10 imeisha muda. Kompyuta yangu haikubali 11. Niitupe?

Usiitupe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025; kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani mpaka Oktoba 2026. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache. Kuilazimisha kwenye mashine ya zamani kunawezekana, lakini hakuna uhakika wa masasisho ya baadaye, na kwenye GB 4 itakuwa nzito kuliko ulikotoka.

Kwa anayetumia kivinjari, barua, masomo na video, tunapendekeza Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi unaochukua nafasi ya Windows. Ni ya bure, RAM ya GB 4 inaitosha vizuri, na unaweza kuijaribu ikiwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa siku mbili tatu kabla ya kusakinisha. LibreOffice itafungua faili za Word na Excel, ingawa zenye mpangilio mgumu huvurugika kidogo. Microsoft Office yenyewe na programu nyingi za hesabu za Windows hazitaingia. Kama kazi yako inategemea hizo, Mint si yako.

Ni kompyuta gani isiyostahili kuongezewa hela?

Laptopu ndogo zenye hifadhi ya GB 32 na RAM ya GB 2 zilizolehemiwa, maana hakuna cha kubadilisha. Zenye prosesa ya Atom. Na yoyote ambayo mazabodi yake imeshamwagikiwa maji na inazima yenyewe.

Nikipeleka kwa fundi, nimwambie nini?

Mwambie ulichopima: "Disk iko 100%, RAM ni GB 4, joto linafika 96." Ukisema tu ni nzito, atapiga Windows upya na wiki mbili baadaye utarudi. Piga picha ya ndani ya "Performance" inayoonyesha RAM na modeli ya diski kabla ya kuiacha, na ukiipokea fungua ukurasa huohuo ulinganishe mbele yake. Omba urudishiwe diski ya zamani hata kama imekufa, kwa sababu picha na hati zako bado zimo.